Kingi ya Mgeni

Asubuhi ile niliondoka Kharumwa bila kujua naenda wapi. Nilijua tu kwamba sichezi tena drafti na rafiki yangu. Wiki nzima nilitaka kumfunga mara moja tu, lakini kila kizibo changu cha soda kilipofika mwisho kikawa kingi, alizua sheria.

"Hapa kwetu kingi ya mgeni hairudi nyuma, kaka."

Nikiuliza nani kasema, anacheka huku anakula vizibo vyangu.

Jioni nilifika Nkome, nikapata chumba kwenye gesti inayonuka dagaa. Mama mwenye gesti alikuwa na ubao wa drafti mezani. Nikamwamkia, nikauliza huku wanafuata sheria gani.

"Utazijua ukishafungwa, baba," akajibu, akipanga vizibo.

Nikavuta kiti.