Aliyezaliwa Siku ya Gwaride

Shangazi yangu alizaliwa asubuhi ileile bendera yetu ilipopandishwa kwa mara ya kwanza, na sijui jambo lililomkera zaidi maishani kuliko hilo.

Bibi, yaani mama yake, alifika hospitali kukipambazuka, uchungu umemkaba. Alikuta milango wazi na wodi tupu. Daktari, wauguzi, mpaka mpishi, wote walikuwa uwanjani kushangilia. Aliyempokea mtoto ni mfagizi, mwanamke pekee aliyebaki kazini, tena alibaki kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwalika. Alichemsha wembe kwenye birika la chai, akakata kitovu, akamfunika mtoto kwa khanga yake mwenyewe.

Shuleni, mwalimu mkuu alikuwa akimsimamisha shangazi juu ya kiti kila mwaka. "Mtazameni mwenzenu! Nchi nzima inasherehekea siku yake!" Kisha anashushwa, anapangwa mstarini na wenzake, wanapiga hatua juani mpaka midomo inakauka. Alipotimiza miaka tisa alizimia palepale. Mwalimu mkuu alimgombeza kwa kuharibu mstari.

Alipokua akaajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hiyohiyo. Miaka thelathini na moja alisimama mbele ya pasi kubwa ya mvuke, mashuka ya wodi ya wazazi yakipita mikononi mwake moja baada ya jingine. Siku ya taifa hakupata likizo hata mara moja, maana wagonjwa hawaachi kuchafua mashuka kwa ajili ya bendera. "Wakubwa wanapumzika kwa niaba yetu," alizoea kusema, huku amebetua midomo.

Taifa lilipotimiza miaka hamsini, katibu wa kamati ya sherehe alimfuata kazini. Alikuwa kijana mwenye kitambi cha mapema na suti ambayo lebo yake ilikuwa bado imeshonwa kwenye mkono.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye mtoto wa taifa?"

"Marahaba. Mimi ni mtoto wa mama yangu. Toka juu ya hilo shuka, unalikanyaga."

Katibu aliruka pembeni, akamkabidhi hotuba iliyokwisha kupigwa chapa. Shangazi alikausha mikono, akaisoma kwa sauti: "Nilizaliwa mikononi mwa wauguzi wazalendo, vifijo vya uhuru vikipenya dirishani..." Akamtazama kijana toka utosini hadi kwenye viatu.

"Nani kaandika?"

"Kamati, mama."

"Kamati ilikuwepo nikizaliwa?"

"Hiyo ni lugha tu ya sherehe."

"Muuguzi hakuwepo hata mmoja. Andikeni mfagizi, mtaje na jina lake, nitakuja. Nguo safi ninayo."

Katibu alicheka kidogo, kama anayembembeleza mtoto. "Mama, mfagizi hatapendeza jukwaani."

Shangazi aliikunja ile hotuba mara nne, akainama, akaisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza. Meza ikatulia.

"Nitamweleza mganga mkuu," katibu alisema, uso umemwiva.

"Mweleze. Na umwambie sabuni imekwisha tangu Jumanne."

Mganga mkuu kweli alimwita. Akamsihi, akamwambia hiyo ni heshima kwa hospitali yote. Shangazi akamuuliza siku hiyo mashuka atafua nani. Mzee wa watu akageukia dirishani kana kwamba jibu lingepita barabarani.

Siku yenyewe ilipofika nilimpeleka Bibi kule chumba cha kufulia, tumpongeze shangazi hapohapo kazini. Tulimkalisha Bibi juu ya robota la mashuka makavu, tukammiminia chai. Uwanja uko nyuma ya hospitali, kwa hiyo vipaza sauti vilitufikia vizuri. Mara mshereheshaji akamkaribisha "mtoto wa taifa". Tukatazamana.

Sauti ya mwanamke ikaanza kuisoma hotuba ileile, neno kwa neno. Niliitambua mara moja. Alikuwa mwenye saluni ya jirani na stendi, shemeji yake katibu. Miezi mitano kabla ya hapo mtaa mzima tulikuwa tumekula keki kwake, akitimiza miaka arobaini na mitano.

"Marehemu mama yangu," mwenye saluni alisema, kisha akalia kwa kwikwi, "laiti angekuwepo leo!"

Watu wakapiga makofi. Bibi akashusha kikombe.

"Wameniua?"

"Wamekuua, mama," shangazi alijibu bila kuinua macho kwenye pasi. "Kunywa chai itapoa."

Bibi hakunywa. Alidai fimbo yake, akaniamuru nimshike mkono, tukaenda polepole mpaka kwenye hema la wageni. Katibu alituona, akaja mbio akiwa ametandaza tabasamu.

"Shikamoo bibi! Unatafuta kiti?"

"Natafuta kaburi langu," Bibi alisema. "Nimesikia mmenizika, basi nionyesheni mahali."

Wageni wa mstari wa mbele waligeuka. Katibu akamletea soda. Bibi aliiangalia chupa, akamwangalia na yeye, akageuza fimbo tukarudi tulikotoka. Hakuna aliyetufuata wala kutuomba radhi.

Mwenye saluni akapewa cheti, na picha yake ikatundikwa kwenye korido ya ofisi ya wilaya, machozi mashavuni. Mwaka jana shangazi alikwenda pale kubadilisha kitambulisho, nami nilimsindikiza. Foleni ilisimama muda mrefu mbele ya picha hiyo. Aliikagua kwa makini, kama anayekagua shuka lililofuliwa vibaya.

"Hata kulia hajui," alisema, akasogea hatua moja mbele.