Ringi Mpya za Mashine ya Posho

Wapendwa, Mungu amenivumilia miaka mingi; nivumilieni nanyi kwa hili moja. Juma lililopita akina mama wa Tawa waliniita nitengeneze injini ya mashine yao ya posho. Ilikuwa ikitoa moshi kwa sababu ringi za pistoni zimelika. Ringi mpya nilizifunga katika kitambaa changu zisiingie vumbi, nikakitia mfukoni. Zile kuukuu nikaziosha kwa mafuta ya taa, kwa ubahili tu, zikang'aa kama za dukani. Kisha nikaitwa chai. Mimi nikiombea chai, hupoa. Niliporudi nilikuta ringi zinang'aa mezani, nikazivalisha pistoni huku nikiimba.

Injini ikawaka. Moshi ukajaa chumba kizima.

"Mzee, umetutengenezea mashine au tanuri la makaa?" akauliza Mama Mwende, mwenyekiti wao.

Nikamnyoshea kidole Musyoka, anayewauzia dizeli. "Huyu amewauzia mafuta machafu!"

"Mimi? Aki ya Mungu, mzee, dizeli yangu ni safi!"

Akina mama wakaanza kusema hawatanunua kwake tena. Nami, jasho likinitiririka, nikapaza sauti: "Bwana, mfichue hapa hapa aliyetuharibia injini!" Nikachomoa kitambaa nijipanguse uso. Ringi mpya zikamwagika sakafuni, moja ikabingirika hadi kwenye kiatu cha Musyoka.

Akaiokota, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Amina, mzee," akasema.