Mungu Hauzishi Janti

Nakumbuka siku moja ya soko, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Keti kwanza. Yale magurudumu uliyonionyesha kwenye simu, yanayong'aa kama sufuria mpya, usiyanunue kabla sijamaliza kusema. Nikipaza sauti univumilie. Hasira hii si yako.

Tulikuwa tunakaa Kingi. Dada yangu mkubwa, Furaha, alikuwa muuguzi kule Masisi, na kila asubuhi alishuka kazini kwa kinga, baiskeli nzito aliyotuachia marehemu baba. Wanaume walimcheka, eti mwanamke juu ya kinga. Siku wakiugua, walikuwa wa kwanza kumtuma dawa. Basi, janti zake, zile pete za chuma zinazobeba mipira, zikaliwa na kutu. Mshahara wa muuguzi unaujua mwenyewe, unakuja ukipenda. Dada akatafuta magurudumu ya bei nafuu, na hakuna aibu katika hilo.

Tulikwenda sokoni wote wawili, tukiisukuma kinga. Muuzaji alikuwa mtu wa maneno matamu, na mali yake yote mpya.

"Papa, hizi zitaenea kinga yetu?" dada akamuuliza kwa adabu. "Naona kama iko kidogo."

"Dada, gurudumu iko gurudumu. Yote iko mviringo. Unataka ao hautaki?"

Alijua. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Alijua, maana alipoyafunga magurudumu alizivuta breki na kuzikaza kwa nguvu mpaka zikafika kwenye janti kwa shida, kisha akatuzungushia gurudumu pale kwenye tambarare, akabana breki. Likasimama. Sisi tukamshukuru, tena tukamwombea baraka!

Asubuhi yake tukashuka, mimi nimekaa nyuma. Kwenye mteremko mkali breki zikateleza pembeni ya janti, zikawa zinabana hewa. Mbele yetu akina mama walikuwa wanapanda na mizigo mgongoni. Upande mmoja bonde.

"Nishike!" dada akapiga kelele, akaipeleka kinga kwenye ukuta wa udongo upande wa mlima.

Mimi niliangukia majani. Yeye mkono wake wa kuume ulivunjika kwenye kiwiko. Sauti ya mfupa ule bado naisikia.

Majirani wakaja kutupa pole, na kila aliyeingia alisema ni mapenzi ya Mungu. Mama yetu alivumilia, alivumilia, halafu akasimama.

"Musimusingizie Mungu! Mungu hauzishi janti mu soko. Muntu njo aliuzisha!"

Siku ya soko iliyofuata aliisukuma kinga mwenyewe mpaka kwa yule muuzaji, akaipindua miguu juu mbele ya meza yake.

"Mama, mutoto wako hajui kuendesha," jamaa akacheka.

Mama akawageukia wateja. Kila aliyefika, mama alimwambia, "Vuta breki, kisha sukuma gurudumu kwa mukono." Wakavuta, wakasukuma, na gurudumu likazunguka tu. Mwanaume mmoja akaja na kinga yake, uso umemwiva: "Na mimi aliniuzishia hizi hizi!" Watu wakajaa. Kicheko cha muuzaji kikaisha, akasema atarudisha alichopokea.

"Na mukono ya mutoto wangu?" mama akamuuliza.

Akainama. Akaanza kukusanya mali yake. Nilisikia baadaye alihamia soko lingine na janti zake zile zile. Unaona kwa nini nakasirika?

Dada alipata magurudumu mengine kwa fundi aliyekuwa amefungua kinga kuukuu ya aina kama yetu. Yalikuwa na mikwaruzo, hayakung'aa hata kidogo, lakini yalienea. Kiwiko hakikunyooka tena. Alijifunza kudunga sindano kwa mkono wa kushoto, akarudi barabarani, na magurudumu yale aliyapanda miaka na miaka.

Sasa nisikilize, mwanangu. Tafuta bei nafuu, sikukatazi. Lakini nenda sokoni na gurudumu lako la zamani, uliweke kando ya hilo unalouziwa, kimo kwa kimo. Jaribu kama mpira wako unaingia. Lizungushe uone kama linayumba. Binya vyuma vyake vyembamba kwa vidole, kilicholegea utakisikia. Breki usiijaribu kwenye tambarare ya muuzaji: omba mteremko, hata mdogo, ujaribu ukishuka. Akikuharakisha, ondoka. La kuukuu linaloenea lichukue, jipya lisiloenea mwachie mwenyewe. Na siku ukidhulumiwa usinyamaze ukasema Mungu ndiye aliyetaka. Sema, tena sema mbele ya watu, ili mwingine asiumie.

Mungu akulinde kwenye miteremko yote, kuanzia hapa mpaka Walikale. Akupe macho ya kukagua, na mdomo usioogopa kukataa. Uende salama, mwanangu, na jioni urudi kwetu mzima.