Mizizi Mipya ya Mahindi ya Karagwe

Kazi ya Jovia ni kuosha mizizi. Ukiwaambia hivyo majirani zake wa mtaa wa Niboye wanacheka, maana kila anayepika mihogo anaosha mizizi na hakuna anayemlipa mshahara. Lakini ndiyo kazi yake, na anaipenda. Katika maabara moja ya kilimo anaotesha mahindi kwenye mirija, anayazamisha majini, anakata ncha za mizizi, anazigandisha na kuzisaga, ili wakubwa wake wasome ni jeni zipi zimeamka na zipi zimelala.

Watu husahau kwamba mzizi nao hupumua. Udongo ukijaa maji, oksijeni huisha, na mzizi hujua mapema kuliko mkulima. Ndani ya seli zake kuna protini ambayo kazi yake ni kuamsha jeni za dharura. Siku za kawaida oksijeni huifanya ivunjwe mara tu inapotengenezwa. Hewa ikikosekana haivunjwi tena. Inajikusanya, inaingia kwenye kiini cha seli, na jeni za dharura zinaamka. Mzizi unaacha kukua, unabana matumizi. Kisha mmea unafanya jambo ambalo, pamoja na miaka yake yote ya maabara, bado linamgusa Jovia. Unaziua baadhi ya seli zake wenyewe ili ipatikane mifereji ya kupitishia hewa, na pale chini ya shina, juu ya matope, unachomoza mizizi mipya, myeupe, ya kutafuta hewa.

Hayo yote alimweleza shangazi yake, Mukantwari, aliyemlea tangu huko Karagwe, Tanzania, walikoishi ukimbizini. Mukantwari amekula chumvi nyingi na haamini kila anachoambiwa, lakini hilo aliliamini upesi, kwa sababu lilimsifia mahindi yake.

Mahindi yenyewe yalikuwa na historia. Familia iliporudi Rwanda, mume wake, marehemu Mutabazi, aliacha kitanda na baiskeli akabeba mfuko wa mbegu. Alichekwa njia nzima. Tangu hapo Mukantwari hupanda mbegu hizo katika kishamba chake cha bondeni Masaka, anavuna, anachagua mahindi mazuri ya mbegu, anayaning'iniza juu ya moshi wa jiko, anapanda tena. Huko Karagwe kwenyewe waliobaki walishaulizwa kama bado wanazo. Siku hizi wote wananunua mbegu za dukani. Kwa hiyo mbegu ya Mutabazi ilibaki kwa mtu mmoja tu, mjane mwenye miguu inayomuuma.

Msimu uliopita jua lilikausha karibu kila kitu, akavuna kidogo sana. Msimu huu alipiga moyo konde, akazipanda zote, isipokuwa kikombe kimoja alichompa Jovia apeleke maabara. Mkubwa wa Jovia pale, Aurore, alipoyasoma majibu aliyarudia mara mbili. Mizizi ya mahindi ya Karagwe iliamsha jeni za dharura mapema kuliko mbegu zote walizowahi kuzizamisha. Jovia alimpigia shangazi yake simu palepale. Kesho yake, mudugudu mzima, kwa maana ya mtaa wote, ulikuwa umeshasikia kwamba mahindi ya Mukantwari yana akili.

Basi mvua ikaja kuyapa mtihani. Mto ulifurika, ukalala juu ya bonde lote la Masaka. Maji yalipoanza kushuka, mahindi ya majirani yalikuwa yamelala chini, manjano, yananuka. Ya Mukantwari yalikuwa yameinama, lakini mabichi, na chini ya kila shina palikuwa na mizizi mipya inayoning'inia hewani.

"Usiyaguse, Shangazi," Jovia alimwambia kwenye simu. "Hiyo mizizi ya juu ndiyo pua yake sasa. Iache ipumue mpaka udongo ukauke."

"Nitaiacha. Ila inatia huruma, mwanangu. Iko uchi."

Aliiacha kweli. Lakini Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, nchi nzima inaposhika majembe kwa kazi ya pamoja. Jovia alikuwa Niboye anazibua mtaro pamoja na wenzake wa mtaani simu ilipolia. Ilikuwa namba ya jirani ambaye shangazi huazima simu yake, na sauti ya shangazi.

"Jovi, wamekuja wote na majembe. Kiongozi wetu Rwema anasema wameacha mashamba yao, waje kwangu kwanza. Wanataka kuyasimamisha mahindi na kuyapandishia udongo."

Kila mkulima anajua kwamba mahindi yakiinama unayainua na kuyarundikia udongo shinani. Ni jambo jema siku zote, isipokuwa siku ile. Udongo wa bonde ulikuwa tope zito. Kuirundikia ile mizizi tope kulikuwa sawa na kuizamisha mara ya pili, safari hii bila pa kutokea.

"Waambie wasubiri, Shangazi. Nakuja."

"Watu wameacha ya kwao wamekuja kunisaidia, nitawaambiaje wasubiri? Niwarudishe na majembe yao?"

"Waambie mimi ndiye nimesema."

"Ngoja, Rwema ananiita."

Simu ikakatika. Jovia alipiga tena, na tena. Mwenye simu alikuwa shambani, simu imebaki kwenye koti lake. Na nani angempeleka Masaka? Asubuhi ya umuganda hakuna moto, yaani pikipiki ya abiria, wala basi, barabara imelala. Alimwomba kiongozi wa mtaa ruhusa, akajibiwa kwa upole kwamba hata akipewa ruhusa, usafiri hataupata. Kwa hiyo alirudi mtaroni. Aliinama, akachota tope, akalitupa kando, akachota tena, akijua kabisa kinachotokea bondeni, shina kwa shina. Kujua kwenyewe ndiko kulikokuwa kunamtesa. Asiyejua angekuwa anapiga soga kama wenzake.

Kazi ilipokwisha hakungoja mkutano wa Niboye. Alipanda moto ya kwanza iliyopita.

Alikuta shamba limependeza. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba lilipendeza. Mahindi yalisimama wima kwa mistari, kila shina limefungwa kwa kilima cha udongo uliorundikwa vizuri kwa jembe na kubanwa kwa miguu ili lisianguke. Rwema, kiongozi wa mudugudu, mtu wa watu, alimjia huku akifuta jasho.

"Dada, usijari," alisema. "Mguu yote tumeifunika. Hakuna muzizi iko inje tena."

Jovia alipiga magoti kwenye shina la kwanza, akaanza kuondoa tope kwa vidole. Lilikuwa limegandamana na mizizi. Alipolivuta likatoka bonge zima, na ndani ya bonge ile mizizi myeupe, imekatika. Alijaribu shina la pili, polepole zaidi, akimwagia maji kama afanyavyo maabara. Ikakatika vilevile. Akiliacha tope, mizizi ingekosa hewa. Akiliondoa, angeing'oa mwenyewe. Alibaki amepiga magoti pale, mikono imejaa matope hadi kwenye viwiko.

Juu, kwenye nyasi kando ya njia, watu walikuwa wamekaa kwa mkutano unaofuata kazi. Shangazi yake alisimama katikati yao, amevaa kitenge chake cha kanisani. Macho yao yakakutana. Alikuwa ameshaona yale mabonge mawili ya tope.

"Jovi," alisema, "wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Njoo uwashukuru watu."

Jovia alipanda. Aliwatazama, walikuwa wachovu, matope hadi magotini, na nyuma yao mashamba yao wenyewe yameoza. Kila mmoja alikuwa amempa shangazi yake asubuhi ambayo angeweza kuitumia kwake. Aliyokuwa nayo mdomoni aliyameza, na yalikuwa machungu.

"Mmetuheshimu sana," alisema. "Marehemu Mutabazi angewaona angefurahi. Mungu awabariki. Asanteni sana, murakoze cyane."

Wakapiga makofi. Rwema aliinamisha kichwa kwa haya, kama mtu asiyezoea kusifiwa.

Majani ya chini yaligeuka manjano, kisha ya juu yake, hadi shamba likakauka kabla halijatoa mbelewele. Majirani walisema mafuriko yamemshinda hata Mukantwari na mahindi yake yenye akili. Yeye aliitikia kwamba ndiyo, maji yalikuwa mengi.

Jumapili moja, Jovia alikuja Masaka baada ya ibada. Jikoni, juu ya moshi, kamba ya kutundikia mahindi ya mbegu ilikuwa tupu. Shangazi yake alimmiminia chai ya maziwa, akakaa, akanyoosha miguu yake inayouma.

"Kile kikombe cha mbegu nilichokupa," alisema. "Mlikihifadhi wapi?"

Jovia alikuwa ameliogopa swali hilo tangu siku ya umuganda.

"Tulizipanda zote, Shangazi. Tukazizamisha."

"Halafu?"

"Halafu tukaikata mizizi, tukaisaga. Ndivyo zinavyosomwa."

"Haikubaki hata punje?"

"Haikubaki."

Mukantwari aliitazama ile kamba tupu. Hakulia wala hakulaumu, afadhali angelaumu.

"Basi wewe ndiye uliyeziona za mwisho zikiwa hai," alisema. "Nieleze zilivyokuwa."

Jovia aliweka kikombe chini, akaanza kumweleza.