Ukurasa Uliosimamisha Pasi

Mwandishi niliyemfanyia kazi alizaliwa kwenye kisiwa kidogo cha Karibea, baba mwoka mikate, mama mshonaji. Vitabu vyake viwili vya kwanza, kama alivyosema mwenyewe, vilisomwa na dada zake tu, na mmoja wao hakumaliza. Nilipofika kwake Riyadh, mtaa wa Suwaidi, mumewe alikuwa mhandisi huko na yeye alikuwa anaandika cha tano.

Mimi nilisoma hadi darasa la nane, Webuye. Kwake nilipika, nikafagia, nikapiga pasi. Asubuhi nikipiga pasi, alikaa mezani akisoma kwa sauti alichoandika jana yake. Nilidhani anajisomea. Baadaye niliona ananitazama mkono.

"Madam, nimeunguza kitu?"

"Hapana. Pasi ikiendelea, ukurasa ninautupa. Ikisimama, unabaki."

"Na Kiingereza kikinishinda?"

"Kikikushinda, kosa ni langu."

Kurasa nyingi zilitupwa. Sikujua zilikuwa na ubaya gani. Ni vile tu mashati yalikuwa mengi.

Kulikuwa na ukurasa mmoja uliomsumbua miezi minane. Jumatano moja alikuwa akiusoma tena simu yangu ilipowaka dirishani. Ujumbe ulitoka kwa dada yangu: mama ametuacha alfajiri. Pasi ikasimama. Shati la mumewe likaungua begani. Madam alisoma hadi mwisho, akainua uso, akaona machozi yangu, naye akalia. Alisema asante mara mbili.

Sikumwambia. Ningelazimika kutamka kwamba mama amekufa, na nilikuwa bado sijayatamka maneno hayo. Ijumaa nilimwambia habari ya msiba imenifikia leo. Alihangaikia karatasi zangu za safari siku hiyohiyo, lakini mazishi yalikuwa Jumamosi, karatasi zikatoka Jumanne. Sikwenda.

Kitabu kile kilipata tuzo kubwa. Jukwaani alisema kuna mwanamke Riyadh aliyesimamisha pasi kwa sababu ya ukurasa mmoja. Wakenya wenzangu waliiona video. Tulipokutana siku ya mapumziko, mmoja alisimama akanipisha kiti.

"Profesa wa pasi amefika! Shikeni adabu, asije akawatupa."

Nilicheka nao.

Baadaye Madam na mumewe walihamia Jeddah, mtaa wa Ruwais, nami nikahama nao. Madam alitaka kuishi karibu na bahari. Alipoiona alisema ni nzuri, ila kwao jua huchomoza baharini na hapa linazama humo. Ni kama kuvaa gauni ndani nje. Mwaka wa pili akaugua, na madaktari wakamrudisha nyumbani bila dawa mpya. Niliona kwamba akifa bila kuambiwa, nitabaki na uongo wangu maisha yangu yote, na hakutakuwa na wa kumwomba radhi. Basi nilipompelekea uji nikamwambia ile Jumatano ilikuwaje.

Alisogeza bakuli la uji kando.

"Kwa hiyo ukurasa wenyewe hukuusikia."

"Hata neno moja, Madam."

"Leta kitabu. Unisomee."

Nilisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Ulihusu mwanamume anayeezeka upya paa la nyumba yake baada ya kimbunga. Nilipofika mwisho aliniuliza, "Haya?"

"Ni mzuri. Lakini misumari imezidi."

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Aliomba kalamu, akafuta mistari mitatu, akausoma tena kimyakimya.

"Ungesema siku ile," alisema. "Tungepata tuzo nyingine."

Kisha akafunga kitabu. "Sasa niambie kuhusu mama yako."

Nilianza na kuku wake, kwa sababu aliwapenda kuliko sisi, nikaendelea hadi alasiri. Uji ulipoa. Mimi matanga ya mama niliyakaa hapo, kando ya kitanda cha Madam, tukiwa wawili.

Wiki mbili baadaye nikakaa matanga ya Madam. Mumewe alinipa ile nakala. Zilizo madukani bado zina misumari yote.