Neno Lililoangusha Mlingoti

Wanaosema Leonia alimuua ndugu yake hawakuwepo. Waliokuwepo walikuwa wanne tu, na mmoja wao ndiye aliyezikwa.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya wakati huo, bado unanukia rangi, na kila ofisi iliyopata mlango pale Babati ilitaka na bendera mbele yake. Heriel, mume wa Leonia, fundi wa kuchomelea vyuma wa Bagara, ndiye aliyesimamisha milingoti hiyo. Alisimamisha mingi hata kunguru wakaanza kupotea njia, wakidhani msitu umeota. Ukibisha, kawaulize kunguru.

Leonia alikuwa mzaliwa wa Sigino, kwa wafuga ng'ombe. Utotoni kazi yake ilikuwa kushika kamba ya ndama. Ndama akishaonja ziwa la mama yake na maziwa kushuka, anavutwa pembeni, anashikiliwa huku anarusha mateke, mpaka mkamuaji amalize na kusema, "Acha!" Hapo mkono unafunguka na ndama anakwenda zake. Neno lile Leonia hakulijua kwa masikio, alilijua kwa vidole.

Sasa, mashua. Kulikuwa na mgeni mmoja mtaalamu wa maji, aliyekuja na mashua ndogo ya tanga, imelala juu ya tela, eti ataipeleka Ziwa Babati siku za mapumziko. Barabara ya enzi hizo ilikuwa inakunja mifupa ya ng'ombe, sembuse mlingoti mwepesi wa alumini. Ulifika umejikunja kama kidole cha mgonjwa wa baridi yabisi. Mgeni alipomaliza mkataba alimwachia Heriel kila kitu. Heriel akatupa ule uliopinda, akaunga mwingine kwa bomba la chuma, bomba lile lile la bendera.

"Mlingoti ni mlingoti," alisema.

Nahodha aliteuliwa kabla mashua haijaona maji: Romanus, mdogo wake Leonia. Huyu ndiye aliyekuwa akiapa kwamba aliwahi kukaa juu ya jiwe pale ziwani, akala hindi lote la kuchoma, na alipotupa gunzi jiwe likapiga chafya. Aliandika ubavuni mwa mashua, kwa rangi nyekundu: KIBOKO HANA NAULI. Watu wa ofisini wangebebwa Jumapili, na yeye angewatungia uongo njia nzima.

Siku ya kujaribu, mashua ilikuwa bado juu ya tela, uani. Heriel alipanda juu yake akashika kitako cha mlingoti. Romanus alisimama nyuma, chini ya bomba, akilisukuma kwa mabega. Leonia alikuwa mbele na kamba. Sele, mwenye duka la ng'ambo ya njia, alisimama mlangoni kwake akitazama.

"Dada, vuta kama unagombea kitenge!" Romanus alipiga kelele.

"Wewe sukuma. Mdomo hauinui chuma."

"Wangu unainua. Jana umeinua..."

Bomba lilikuwa limeshapita usawa wa paa la nyumba. Heriel akaona waya wa ubavuni, ule unaoshikilia mlingoti usiyumbe, umenasa kwenye gurudumu la tela. Kuvuta zaidi kungeukata.

"Acha!" alipiga ukelele. "Acha, Mama Goodness!"

Vidole vya Leonia vikafunguka.

Romanus hakumaliza kusema alichoinua jana.

Msibani Sigino, watu walipouliza imekuwaje, Heriel alijibu akitazama viatu vyake: "Nilimwambia aache kuvuta. Yeye akaachia." Mama yake Leonia alikuwa amekaa karibu, mkono wake begani kwa binti yake. Aliposikia maneno yale aliuondoa mkono. Hakuurudisha.

Babati ikapata la kubishania. Mwalimu alisema acha maana yake koma, katekista akasema inategemea, na stendi wakagawanyika kama wa mpira. Sokoni mwanamke mmoja wa Nangara alimwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Usimpe huyo akushikie mtoto, utamwambia acha kumbembeleza." Leonia alikusanya nyanya zake akaondoka. Maneno mabaya yana miguu. Yale yalifika nyumbani kabla yake.

Sele alimfuata na sukari aliyoisahau dukani.

"Mama Goodness, mimi nilisikia kwa masikio yangu haya. Mtu ana kamba mkononi, anaambiwa acha. Aache nini? Swala? Si ataacha kamba!"

"Kamwambie mama yangu."

"Nilikwenda. Alinikaribisha chai. Akasema, maneno hayo ayalete aliyeyasema."

Basi Leonia alibaki na haja moja tu duniani: Heriel aende Sigino, akae mbele ya mama yake, aseme, "Nilisema acha, na yeye akaacha." Hakutaka kufunguliwa kesi wala kuombwa radhi. Alitaka mkono ule urudi begani.

Heriel hakwenda Sigino. Alikwenda kwenye banda lake, akaanza kukata chuma.

Alikata masika yote. Aliacha chakula kikapoa, alikonda mpaka mkanda ukamzunguka karibu mara mbili, na moto wa kuchomelea uliwaka usiku kucha hata kuku wa jirani wakaacha kujua saa ya kulala. Alichounda kilikuwa hiki: miguu miwili ya bomba iliyokutana juu kama herufi A, imefungwa kwa bawaba kwenye mbavu za mashua. Kamba ilitoka kwenye mlingoti, ikapita juu ya kichwa cha ile A, ikashuka mbele hadi kwenye winchi ya mkono iliyotolewa kwenye lori bovu. Winchi ilikuwa na gurudumu la meno, na ulimi wa chuma uliodondoka kwenye kila jino, tak, tak, tak.

"Mlingoti ukiwa umelala, ukiuvuta kwa kamba ya chini unauburuta tu," alimweleza Leonia, akiwa na grisi hadi viwikoni. "Kamba lazima itoke juu. Na ulimi huu unashika. Mtu mmoja anatosha."

Alisema habari za ulimi wa chuma asubuhi hadi jioni. Ule wa kwake ulibaki kimya.

Siku ya kukijaribu ilipofika alimwomba Leonia azungushe winchi. Yeye mwenyewe akaenda kusimama nyuma ya mashua, chini ya bomba, pale pale. Leonia alitazama miguu ya mumewe ikiwa kwenye udongo ule.

"Toka hapo, Baba Goodness."

"Zungusha."

Akazungusha. Tak, tak, tak. Bomba likainuka bila mtu kuligusa, zito na pole, likapita usawa wa paa.

"Acha!" Heriel alisema. Hakupiga ukelele. Alisema kama mtu anayeomba maji.

Leonia aliachia mpini.

Ulimi ukalia mara moja na kushika. Mlingoti ukabaki hewani, umeinama juu ya kichwa cha Heriel, hautikisiki. Heriel alikuwa analia.

"Umeona? Hata ukiacha, haushuki."

Leonia aliutazama.

"Kumbe iliwezekana," alisema.

"Ndiyo! Imewezekana!"

"Nasema iliwezekana. Kabla."

Heriel akajifuta machozi kwa kiwiko.

"Twende Sigino sasa hivi," Leonia alisema. "Ukamwambie mama ulichosema leo na ulichosema siku ile. Ni neno moja tu, hata nauli halina."

Heriel alichukua kopo la grisi, akainama kwenye winchi, akaanza kupaka meno ambayo yalishapakwa.

Leonia alikwenda mwenyewe, na kanga zake kwenye mfuko wa plastiki. Mlingoti ule haukumaliziwa kusimamishwa wala kulazwa. Ulibaki vile vile, umeinama juu ya ua kama mtu aliyekatizwa katikati ya sentensi, na wapita njia wakajifunza kuzunguka upande wa duka la Sele.

Alifika Sigino wakati wa kukamua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alijibu, uso ubavuni mwa ng'ombe. Hakugeuka. Ndama alikuwa anahangaika peke yake kwenye kigingi, karibu kukinyofoa. Leonia aliweka mfuko chini, akafungua kamba, akamshikilia kama zamani. Maziwa yalilia ndani ya kibuyu, kwanza kwa sauti kali, kisha kwa sauti nzito.

Chuchu zilipokauka, mama aliinua kibuyu.

"Acha," alisema.

Mkono wa Leonia ukafunguka. Ndama akapita katikati yao mbio, akaenda kwa mama yake.

Mwanamke mzee alibaki amechuchumaa, kibuyu mikononi, akiitazama ile kamba iliyolala chini.