Dada wa Dirisha la Pili

Bandari ilipofungua kituo cha kuwasaidia wanaouza bidhaa ng'ambo, dirisha la pili, nililolitamani baada ya miaka kumi na minane ya kazi bandarini, alipewa dada mmoja mgeni kazini. Ana sauti ya chini na vidole vyenye wino, na kila fomu huinyoosha kwa kiganja taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Foleni yake haiishi. Kwangu, dirisha la kwanza, wanakuja kuuliza choo kiko wapi. Jana alifika mama muuza asali, mzigo wake umekataliwa ng'ambo. Dada akazipekua karatasi, kisha akanijia.

"Kaka, nimekwama. Wewe ndiye mkongwe hapa. Kumekosekana cheti gani?"

Nilikijua kama jina langu, lakini wivu ukanitangulia. "Sijui."

"Haya, asante kaka."

Akavuta kiti, akaketi upande wa mteja, wakaanza kuzisoma kanuni pamoja kuanzia ukurasa wa kwanza.